Kompyuta Mpya Inayotatarisha Sauti: Jinsi ya Kuusaka Ubovu Hatua kwa Hatua

Kompyuta ya mezani uliyoiunganisha mwenyewe inawaka bila tatizo, mfumo endeshi umeshasimikwa, picha ni safi na feni zinazunguka kwa utulivu; lakini mara tu unapofungua wimbo, sauti inatatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, au inakatwa na mipasuko midogo kila baada ya sekunde chache. Wengi wakifika hapo hukimbilia kubadilisha spika, kisha hedifoni, kisha husimika upya mfumo mzima, na mwishowe huung'oa ubao mama ili waurudishe ulikonunuliwa. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo mwanzoni huonekana ya polepole lakini huokoa siku nzima za kubahatisha: kwanza tambua ubovu ni wa aina gani, kisha uufuate kwa kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Umeme au wakati

Karibu kila mtatariko kwenye kompyuta mpya una asili moja kati ya mbili, ama wakati, ama umeme, na tiba ya asili moja haiifai nyingine hata kidogo.

Tuanze na wakati. Sauti ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba zinazoitwa sampuli, na kwa kawaida sehemu ya sauti hutumia sampuli 44,100 au 48,000 kila sekunde kwa kila chaneli. Prosesa haizipeleki sampuli hizo mojamoja. Huziandaa kwa mafungu na kuziweka katika akiba ndogo, ambayo mafundi huiita bafa, na sehemu ya sauti huchota humo bila kusimama. Katika Windows fungu la kawaida ni la milisekunde 10, yaani sampuli 480 kwa kasi ya 48,000. Ikiwa prosesa itashikwa na kazi nyingine na kuchelewa kuleta fungu linalofuata, akiba hukauka, na sikio hulisikia pengo hilo kama mpasuko. Ndiyo maana kompyuta yenye nguvu kubwa, iliyounganishwa kwa vifaa vya gharama, inaweza kutatarika kuliko kompyuta kuukuu ya ofisini: kinachotakiwa hapa ni kuwahi, na nguvu peke yake haihakikishi kuwahi.

Umeme ni habari tofauti. Namba zikishageuzwa kuwa mkondo unaoelekea kwenye spika, mkondo huo huwa dhaifu na huchafuliwa kwa urahisi na chochote kilicho jirani: kadi ya michoro inayovuta umeme mwingi kwa ghafla, waya wa umeme uliolazwa juu ya waya wa sauti, au tofauti ndogo ya volteji kati ya kompyuta na spika zinazochomekwa zenyewe ukutani. Hapo hakuna sampuli iliyokosekana. Sauti ni nzima, ila juu yake imeongezwa kelele.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kugusa chochote

Zima muziki wote, acha spika au hedifoni zikiwa zimeunganishwa, pandisha sauti kwa kiasi, kisha utulie na kusikiliza kwa dakika mbili. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, au mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya, kila unapofungua dirisha au kila mchezo unapoanza, basi unasikia umeme; hakuna sampuli zinazochezwa wakati huo, kwa hiyo hakuna zinazoweza kuchelewa. Ikiwa ukimya ni mtupu na mtatariko hutokea tu wakati muziki unapocheza, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo ni la wakati.

Kisha cheza faili moja unayoifahamu vizuri, iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta na siyo ya intaneti, ili mtandao usiingie katika hesabu. Rudia sehemu ileile mara tatu. Mipasuko ikitokea mahali palepale kila mara, kasoro imo ndani ya faili yenyewe au sauti imepandishwa kupita kiwango chake. Punguza kiwango katika programu, zima kisawazishi cha sauti na viongeza besi vyote, kisha usikilize tena. Mipasuko ikihamahama, mashine ndiyo yenye tatizo.

Andika unachokisikia. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi kumbukumbu inavyodanganya: baada ya kubadilisha mipangilio sita kwa jioni moja, hakuna anayekumbuka ni upi uliopunguza mtatariko na ni upi uliouongeza. Daftari lenye safu tatu linatosha, moja ya kilichobadilishwa, moja ya kilichosikika, na moja ya kile kilichokuwa kikifanyika kwenye kompyuta wakati huo. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa maana mtatariko unaotokea tu wakati wa kupakua faili kubwa huelekeza kwenye mtandao, unaotokea wakati wa michezo huelekeza kwenye kadi ya michoro, na unaotokea bila mpangilio wowote huelekeza kwenye BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mama, inayoamsha vifaa kabla ya mfumo endeshi) au kumbukumbu ya kompyuta (RAM).

Pia sogeza sikio karibu na kasha lenyewe. Mlio mwembamba unaotoka moja kwa moja kwenye kadi ya michoro au pawasaplai, na usiosikika katika spika, ni mtetemo wa koili za vifaa hivyo. Unaudhi, lakini hauhusiani na sauti ya kompyuta, na hatua zinazofuata hazitauondoa.

Hatua ya pili: ibadilishie sauti njia

Kompyuta ya mezani huwa na njia kadhaa za kutolea sauti, na kila njia hupita katika vifaa tofauti. Cheza faili ileile kupitia tundu la nyuma ya kompyuta, kisha tundu la mbele ya kasha, kisha skrini kwa waya wa HDMI kama ina spika, na hatimaye kupitia hedifoni za USB kama unaweza kuazima.

Tundu la mbele likitatarika na la nyuma likawa safi, ubovu uko katika waya unaotoka kwenye uso wa kasha hadi kwenye ubao mama. Matundu ya mbele na ya nyuma yakichafuka huku HDMI na USB zikiwa safi, tafuta katika sehemu ya sauti ya ubao mama, katika kiendeshi chake (programu inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia), au katika umeme unaoizunguka. USB peke yake ikichafuka, tazama matundu ya USB na nguvu yake. Njia zote zikitatarika kwa namna ileile, sahau spika na nyaya: kitu fulani kinaichelewesha prosesa, na matokeo yake yanaonekana kila mahali.

Chunguza pia plagi unayoitumia. Hedifoni zenye kipaza sauti, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya simu, huwa na plagi ya milimita 3.5 yenye migusano minne, ilhali matundu mengi ya kompyuta za mezani yametengenezwa kwa ajili ya mitatu. Plagi ya aina hiyo inaweza kugusa vibaya na kutoa mikwaruzo kila waya unapotikisika. Kigawanyi cha waya kinachotenganisha kipaza sauti na hedifoni huondoa tatizo hilo.

Hatua ya tatu: anza na mfumo usio wako

Kabla ya kufungua kasha au kuchokonoa mipangilio, andaa kiendeshi mweko cha USB chenye Linux (mfumo endeshi mwingine) inayoweza kuwaka bila kusimikwa, kwa mfano Ubuntu, iwashe kompyuta kutoka humo na ucheze faili yako. Jaribio hili huchukua chini ya saa moja na hugawa tatizo katikati. Sauti ikiwa safi kabisa kwa nusu saa, vifaa vyako ni vizima, na unachotafuta kimo ndani ya Windows: kiendeshi, mpangilio, au programu fulani. Sauti ikitatarika vilevile kama awali, mfumo endeshi wako hauna hatia, na unapaswa kuelekea kwenye kasha na BIOS. Kwangu mimi hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote katika mwongozo huu, na nashangaa kuona watu wengi wakiliruka.

Hatua ya nne: ndani ya kasha

Zima kompyuta, zima swichi ya pawasaplai, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa ubao mama, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kitu.

Fuata waya wa sauti wa mbele. Kwa kawaida hushuka hadi kona ya chini ya ubao mama, upande wa nyuma ya kasha, mahali penye pini tisa zilizopangwa katika safu mbili. Watengenezaji hawaliiti eneo hilo kwa jina moja: kwenye mbao za ASUS huandikwa AAFP, kwenye za MSI JAUD1, kwenye za Gigabyte F_AUDIO, na kwenye za ASRock HD_AUDIO1. Jihadhari usilichanganye na tundu la USB la mbele, ambalo nalo lina pini tisa. Kwenye USB pini inayokosekana iko pembeni kabisa, na kwenye sauti ni ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo plagi ikikataa kuingia usiilazimishe. Baadhi ya makasha ya zamani huwa na plagi mbili kwenye waya huohuo, moja imeandikwa AC'97 na nyingine HD AUDIO. AC'97 ni utaratibu wa mwaka 1997, na HD Audio uliuchukulia nafasi mwaka 2004. Kwenye ubao wowote wa sasa tumia HD AUDIO na uiache ile nyingine ikining'inia, mbali na kitu chochote.

Angalia njia ambayo waya huo unapita. Mara nyingi mtu anayeunganisha kompyuta kwa nadhifu huufunga pamoja na waya wa umeme wa kadi ya michoro, kwa kuwa zote zinapita nyuma ya sahani ya ubao mama, na unadhifu huo ndio unaoleta kelele. Ufungue, uupitishe peke yake kwenye ukingo wa chini wa kasha, na pale unapolazimika kukutana na waya wa umeme, uupitishe kwa kukingama badala ya kuulaza sambamba nao.

Baada ya hapo kagua jinsi ubao ulivyofungwa. Vile vijiguzo vya shaba vinavyouinua ubao kutoka kwenye sahani ya kasha vinapaswa kuwa chini ya matundu ya skrubu tu. Kijiguzo kilichoachwa mahali pasipo na tundu hugusa mgongo wa ubao na kufungua njia ya umeme isiyotakiwa. Matokeo yake yanaweza kuwa mtatariko, kuzimika ghafla, au uharibifu mbaya zaidi. Tazama pia bamba la nyuma linalozunguka matundu, kama ni la kutenganishwa: vijiulimi vyake vya chuma wakati mwingine huingia ndani ya tundu la USB au la sauti wakati wa kuusukuma ubao mahali pake, na plagi ikiingia huvigusa. Malizia kwa kukandamiza plagi kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8 hadi usikie klipu zikishika.

Hatua ya tano: umeme wa nje

Ikiwa kelele ni mvumo usiokoma na unatumia spika zenye waya wake wa umeme, chomoa waya wa sauti kutoka kwenye kompyuta na kuuacha ukining'inia. Mvumo ukiisha, rudisha waya, kisha chomoa kimoja kimoja vitu vingine vilivyounganishwa na kompyuta, kuanzia skrini, kisha waya wa mtandao, kisha printa. Kitu ambacho kuchomolewa kwake kunanyamazisha mvumo ndicho kinachokamilisha mzunguko: kompyuta na kifaa hicho vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili, na mkondo mdogo unazunguka kati yake kupitia waya wako wa sauti.

Tiba ya kwanza ni kuchomeka kompyuta, skrini na spika kwenye soketi moja ya ukutani, kupitia kamba moja ya soketi nyingi. Isipotosha, weka kitenganishi chenye transfoma ndogo kwenye waya wa sauti, au tumia waya wa mwanga kama kompyuta na spika zote zina tundu lake, kwa kuwa mwanga hauwezi kubeba umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuna ushauri unaozunguka wa kukata au kuziba pini ya ethi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo kamwe. Pini hiyo ipo ili kasha la chuma lisikuue siku waya wa ndani utakapoligusa, na hakuna muziki unaostahili kulipiwa kwa bei hiyo.

Hatua ya sita: BIOS na kumbukumbu

Mtatariko ukionekana kuwa wa wakati, na hasa ukisikika hata kwenye Linux ya majaribio, ingia kwenye BIOS na urudishe mipangilio yote ya kiwandani. Hatua hii huzima wasifu wa XMP au EXPO, ule unaoifanya kumbukumbu iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti yake. Wengi huiona kasi hiyo kama haki yao, lakini kiufundi ni kuipandisha kumbukumbu na kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa kupita kiwango cha msingi. Seti ya DDR5 iliyouzwa kwa kasi ya 6000 inaweza kuwa na kiwango cha msingi cha 4800 tu. Si kila prosesa na kila ubao vinavyoustahimili mwinuko huo, na dalili ya kwanza si lazima iwe kompyuta kuanguka. Inaweza kuwa sauti, kwa sababu sauti ndiyo kazi isiyosamehe hata ucheleweshaji wa milisekunde chache.

Sauti ikisafika bila wasifu huo, jaribu hatua moja chini ya kasi iliyoandikwa, kisha ipime kumbukumbu kwa MemTest86 usiku kucha. Kosa moja tu katika kipimo hicho linatosha kuthibitisha kwamba kasi hiyo haikufai.

Baadaye sasisha BIOS. Hili si jambo la urembo. Mwaka 2021 kampuni ya prosesa ya AMD ilikiri kuwapo kwa tatizo la vifaa vya USB kukatikakatika kwenye baadhi ya mbao zenye chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine vya ubao) za mfululizo wa 500, na ikatoa marekebisho kupitia toleo 1.2.0.2 la AGESA, msimbo wake wa msingi, lililopaswa kuingizwa katika BIOS ya kila mtengenezaji. Mwaka 2022 ikakiri tena kwamba kompyuta zenye fTPM (moduli ya usalama inayoendeshwa na programu badala ya chipu ya pekee) zilikuwa zikiganda kwa muda mfupi, picha na sauti pamoja, kwa sababu ya mawasiliano kati ya fTPM na chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye ubao mama. Hakuna kiendeshi wala mpangilio wa Windows ungeweza kuondoa ubovu wa aina hiyo, na ubao uliokaa ghalani kwa mwaka mzima unaweza kukufikia ukiwa bado na BIOS ya kale.

Kabla ya kusasisha, hakikisha una ufunguo wa kurejesha diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, kwa kuwa mabadiliko ya BIOS yanaweza kuufanya mfumo uuombe ufunguo huo unapowaka. Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama mwenyewe, linganisha jina la ubao herufi kwa herufi, na usizime umeme kabla kazi haijakamilika.

Hatua ya saba: viendeshi na programu zinazochelewesha

Hapa ndipo kompyuta nyingi mpya zinapopona. Simika viendeshi kwa utaratibu huu: chipseti kwanza, kisha michoro, kisha mtandao, na sauti mwisho, vyote kutoka kwa watengenezaji wake. Kisha pakua LatencyMon, programu ya Windows inayopima ni kiendeshi kipi kinaishikilia prosesa kwa muda mrefu. Iwashe, cheza muziki, fanya ile kazi uliyoiandika kwenye safu ya tatu ya daftari lako, na uiache ipime kwa dakika 15 au 20. Ukiisimamisha, fungua orodha ya viendeshi na uipange kwa muda mrefu zaidi uliotumika kwa mara moja.

Microsoft huwashauri waandishi wa viendeshi wasiishikilie prosesa kwa zaidi ya maikrosekunde 100 katika kazi za aina hii. Kuvuka kiwango hicho mara chache hakusikiki. Kiendeshi kinachorudia kuchukua milisekunde kadhaa, huku akiba ya sauti ikiwa ya milisekunde 10 tu, ndicho unachokitafuta.

Majina utakayoyaona yanahitaji kusomwa kwa busara. Faili nvlddmkm.sys ni ya kadi za NVIDIA, na likiongoza orodha, simika toleo jingine la kiendeshi, liwe jipya zaidi au la nyuma kidogo. Faili storport.sys linahusu diski. Lakini ndis.sys, Wdf01000.sys na dxgkrnl.sys ni sehemu za Windows ambazo viendeshi vingine hufanya kazi kupitia kwazo, kwa hiyo jina lake likitokea juu usiilaumu Windows moja kwa moja. Kwa ndis.sys, zima Wi-Fi katika orodha ya vifaa na upime tena. Ikiwa si hiyo, irudishe kisha uzime kadi ya mtandao wa waya. Kwa ACPI.sys, fikiria usimamizi wa umeme na programu zinazosoma vihisi vya joto.

Programu hizo za vihisi na taa za rangi zinastahili kushukiwa mapema kuliko zinavyoshukiwa. Mbao mama nyingi za sasa hujileta na programu zake zenyewe, Windows huuliza kama uzisimike, na mtu hukubali bila kufikiri. Kazi yake ni kuuliza vihisi vya joto na kudhibiti taa mara nyingi kila dakika, na baadhi yake hufanya hivyo kwa namna inayosimamisha kila kitu kwa kitambo. Kompyuta moja niliyoiunganisha ilitatarika kwa majuma mawili. Nilibadilisha hedifoni, nilipitisha upya nyaya zote, nilikaribia kuurudisha ubao mama. Ilinyamaza siku nilipoondoa programu ya taa, na haikutatarika tena. Tangu hapo ninaondoa programu hizo zote kabla ya jaribio jingine lolote la viendeshi, na kuzirudisha moja baada ya nyingine ikiwa mwenye kompyuta anazihitaji.

Ikiwa mtatariko upo kwenye matundu ya ubao mama peke yake, jaribu pia kukibadilisha kiendeshi cha sauti: kama unatumia kile cha Realtek, mtengenezaji wa chipu za sauti, chagua kile cha jumla kinachokuja na Windows, na kama unatumia cha jumla, simika cha mtengenezaji. Utapoteza baadhi ya mipangilio ya ziada, lakini jibu utalipata ndani ya dakika tano.

Hatua ya nane: mipangilio midogo

Katika sifa za kifaa cha sauti, zima viboreshaji vyote, kisha ujaribu kasi ya 48,000 badala ya 192,000 au nyingine kubwa uliyoichagua kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Katika mipangilio ya umeme, chagua mpango wa utendaji wa juu, zima usimamishaji wa matundu ya USB yasiyotumika, na uzime uokoaji wa umeme wa njia za PCI Express. Usiache yote yakiwa yamezimwa kwa sababu tu sauti imesafika. Yarudishe moja moja ili ujue lililohusika.

Mpasuko mmoja tu unaosikika mwanzoni, kila sauti inapoanza baada ya ukimya, ni wa aina ya pekee: sehemu ya sauti ilikuwa imelala ili kuokoa umeme, nawe unaisikia ikiamka. Katika Linux huondolewa kwa kuipa moduli ya snd_hda_intel thamani ya power_save sawa na 0. Watumiaji wa Linux wenye PipeWire (programu inayosimamia sauti) wafungue pia programu yake ya pw-top wakati muziki unacheza. Safu ya ERR ikiongezeka kila mpasuko unaposikika, akiba inakauka. Amri pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024 huikuza akiba hiyo hadi milisekunde 21 hivi kwa kasi ya 48,000, na kuandika 0 mahali pa 1024 hurudisha hali ya awali.

Kwa hedifoni zisizo na waya zinazotumia kipokezi kidogo cha USB, tazama kimechomekwa wapi. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ambayo vipokezi vingi hutumia. Kipokezi kilichobanwa nyuma ya kasha, kando ya diski ya nje ya USB 3.0, kinasikiliza katikati ya makelele. Kihamishie kwenye tundu la USB 2.0, au ukitoe nje kwa waya wa kurefusha hadi juu ya meza ambako hedifoni zinakiona.

Ikiwa bado inatatarika

Zikiwa zimepitiwa hatua zote na sauti bado inachafuka kwenye Linux ya majaribio, BIOS ikiwa mpya na ya mipangilio ya kiwandani, tundu likiwa la nyuma na spika zikiwa zimethibitishwa kwenye kifaa kingine, fanya jaribio moja la mwisho. Utoe ubao mama ndani ya kasha na kuulaza juu ya kisanduku chake cha karatasi, ukiwa na prosesa, kipande kimoja cha kumbukumbu, pawasaplai na, ikiwa prosesa ina michoro yake, bila kadi ya michoro. Sauti ikisafika hapo, rudi kwenye vijiguzo na bamba la nyuma, au kwenye kadi uliyoitoa. Isiposafika, azima pawasaplai nyingine kabla ya kuuhukumu ubao, kwa kuwa umeme mchafu kutoka humo huingia kila mahali.

Ubao ukibaki peke yake kwenye orodha ya washukiwa, urudishe ukiwa ndani ya dhamana, pamoja na nakala ya kurasa za daftari: toleo la BIOS lililojaribiwa, tundu lililotatarika na yaliyokuwa safi, mfumo uliotumika, na vifaa vilivyobadilishwa. Na kama dhamana imekwisha huku HDMI na USB zikiwa zimethibitika kuwa safi tangu hatua ya pili, kigeuzi cha sauti cha nje cha USB kitaiacha sehemu mbovu ya ubao bila kazi, na kompyuta itaendelea kutumika kwa kila kitu kingine.